Nukta Nyekundu za Yaya

Nilijifunza kupanda baiskeli nikiwa na miaka arobaini na moja, nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda, hapa Guangzhou, Jumapili asubuhi kabla ya mikokoteni kuanza kupita. Nilikozaliwa, Ilala, hakuna aliyenikataza baiskeli kwa maneno. Ilikuwa tu kwamba kila nilipoisogelea ile ya kaka yangu, mama aliniita kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliye ukingoni mwa kisima. Basi nikakua na woga huo mwilini, na wala haukuwa wa baiskeli peke yake. Naogopa mbwa. Naogopa lifti zilizojaa. Naogopa simu inayolia saa ambayo Dar es Salaam bado wamelala. Nimenunua vitambaa vya mapazia China kwa miaka minane na watu wa nyumbani hunisifu, mwanamke peke yake katika nchi ya watu, moyo wa simba. Hawajui kwamba kila asubuhi kabla ya kufunga mlango naugusa mfuko wa ndani wa mkoba mara tatu, kuhakikisha pasipoti yangu imo.

Aliyenitoa kwenye woga wa baiskeli alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Nilimwita yaya, kwa sababu kwao ndivyo mtu anavyomwita dada mkubwa. Tulikutana kwenye duka la vitambaa vizito, mimi nikijaribu kumwelewesha muuzaji kwamba rangi aliyoniletea siyo niliyoagiza, naye akisema neno lilelile la kukataa, *meiyou*, hakuna, hakuna. Yaya alikuwa amesimama nyuma yangu na sampuli zake mkononi. Akaingilia kwa Kichina chepesi kama cha redioni, muuzaji akacheka, akaenda stoo, na rangi ikapatikana. Tulipotoka nje akanitazama nilivyojishika kiuno.

"Mugongo iko nakuuma," akasema.

"Miaka miwili sasa, yaya. Daktari anasema nitembee."

"Kutembea ni kwa wazee. Jumapili njoo, nitakuonyesha kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa baiskeli mbili za mbio, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, alizozificha kwenye ngazi za jengo alilopanga huko Kangle, ghorofa ya juu ya karakana ya kushona. Chini mashine zilinguruma mchana kutwa. Juu kwake palikuwa na kitanda, sufuria mbili, picha ya Bikira Maria, na ukutani ramani alizochora mwenyewe kwa kalamu ya risasi.

Yaya alisoma Ufaransa alipokuwa msichana. Wakati wa likizo, wenzake walipokwenda Paris kuosha vyombo, yeye alikwenda shamba kuchuma zabibu, na wenye shamba, mume na mke waliostaafu ualimu, wakampa baiskeli ya binti yao aliyeolewa. Jioni na Jumapili walizunguka naye. Alinisimulia njia zile hata nikawa naziona: barabara nyembamba kando ya mto Loire, miti mirefu iliyopandwa pande mbili ikikutana juu, kasri la mawe meupe linalotokea ghafla ng'ambo ya maji, kijiji chenye nguzo ya majina ya waliokufa vitani, kanisa dogo lisilofungwa mlango. Kila njia wale wazee walikuwa wameichora kwenye daftari: hapa maji ya kunywa, hapa mlima, hapa kivuli, hapa mkate mzuri.

"Mtu anafungua kanisa, anaingia, anakaa," aliniambia. "Hakuna anayekuuliza unatoka wapi."

Alipofika Guangzhou akaanza daftari lake mwenyewe kwa mtindo uleule. Badala ya makasri aliweka majumba ya ukoo, yale ya matofali ya kijivu ambayo kuta zake za pembeni zimepanda juu kama mashikio ya sufuria, na ndani yake majina ya mababu yamepangwa kwenye vibao. Badala ya makanisa, vijihekalu vya njiani vyenye ubani. Badala ya mkate, mahali pa kupata mihogo ya kuchemsha au uji wa mchele. Njia yetu ya kwanza iliishia mashariki ya kisiwa cha mtoni tulichokuwa tukiishi, kwenye kijiji cha zamani kilichokuwa bandari ya meli za kigeni. Niliiendesha yote nikiwa nimeuma meno, hijabu imebanwa chini ya kofia ngumu, nikisoma Ayatul Kursiy kila basi liliponipita. Yeye alikuwa mbele, mgongo umelala, akigeuka kila mara.

"Doucement, dada. Polepole. Barabara haitakimbia."

Kwenye daftari kulikuwa na alama nilizozielewa na alama moja nisiyoielewa: nukta nyekundu. Nyingine zilikuwa penye makutano ya barabara, nyingine mlangoni mwa mji mdogo. Kila penye nukta, njia yake ilizunguka, ikapita nyuma ya mabwawa ya samaki au katikati ya migomba, hata kama kuzunguka kulituongezea kilometa tano. Nikamuuliza ni nini.

Akalifunga daftari, akanitazama. "Mbwa," akasema. "Hapo iko mbwa wakali."

Nilimpenda kwa hilo. Nilifikiri anazunguka kwa ajili yangu.

Tuliendesha hivyo mwaka mzima na zaidi, karibu kila Jumapili. Mgongo ukaacha kuuma. Sukari, iliyokuwa imeanza kupanda mwilini, ikashuka. Lakini woga haukuniacha, ulibadilisha mahali pa kukaa tu. Nilianza kuogopa mambo madogo niliyoyaona kwa yaya na ambayo sikuweza kuyaunganisha. Hakuwahi kuja kula nami kwenye mikahawa ya Waafrika; nikimwalika alikuwa na mafua. Hakuwahi kupanda treni ya chini ya ardhi nikiwa naye. Zhanxi, kule kwenye soko la viatu karibu na stesheni kuu, hakwenda mwenyewe, alimtuma mtu. Siku moja tukiwa kwenye taa za barabarani pikipiki ya polisi ikasimama kando yetu. Hakuna aliyetuuliza kitu. Taa zikageuka, polisi akaenda zake. Lakini niliuona mkono wa yaya juu ya usukani, na ulikuwa unatetemeka kama wa mtu mwenye homa. Nikajiambia ni uchovu. Mtu mwoga hujifunza kutouliza, maana akiuliza atajibiwa.

Safari ninayotaka kuieleza ilikuwa mwezi wa sita, upande wa kaskazini, Conghua, ambako mji unaishia na vilima vinaanza. Yaya alikuwa ameipanga kwa wiki nyingi. Tulikodi kigari cha mizigo, kilekile kilichozoea kubeba majora yangu ya vitambaa, tukalaza baiskeli nyuma juu ya maboksi, na sisi tukabanana mbele na dereva. Alitushusha asubuhi na mapema kwenye daraja, akatuita mabosi, akaondoka huku akitikisa kichwa.

Siku ilianza vizuri. Barabara ilipita kwenye mashamba ya lichi, tunda linalofanana na shokishoki lisilo na nywele, na matawi yalikuwa yameinama kwa wekundu. Tulipanda mlima kwa saa nzima. Katikati ya mlima kulikuwa na kijiji kilichobaki na watu wachache, na jumba lake la ukoo lilikuwa wazi. Tukaegesha baiskeli uani. Ndani palikuwa na baridi na harufu ya mbao za kale. Yaya akakaa kwenye kizingiti, akavua viatu, akafumba macho. Sijawahi kumwona ametulia vile.

"Ningeweza kufia hapa," akasema.

"Yaya, usiseme hivyo!"

Akacheka. "Nasema ni pazuri, dada. Weye unaogopa hata maneno."

Nilipotoka uani niliona wingu. Lilikuwa limesimama nyuma ya mlima, jeusi, na upepo ulikuwa umekatika kabisa. Nikamwambia tusubiri. Yaya akasema tukishuka sasa tutafika chini kabla ya mvua; chini kulikuwa na daraja la pili, tukutane pale. Mteremko wenyewe aliuandika kwenye daftari: kilometa nne, kona tisa, malori ya mchanga siku za kazi tu. Nilimsihi. Alikuwa ameshafunga kamba ya kofia.

"Utakuja nyuma yangu, breki mbili pamoja. Mi nitakungoja ku daraja."

Akatangulia. Niliona mgongo wake wenye fulana ya manjano ukiingia kona ya kwanza, na sikumwona tena.

Nilishuka nimezibana breki zote mbili hadi vidole vikafa ganzi. Kwenye kona ya nne lori la mchanga lilikuja likipanda, ingawa ilikuwa Jumapili, likiwa limechukua barabara karibu yote. Nikajibanza kwenye ukuta wa mlima, nikahisi joto la injini usoni. Baada ya hapo nikashuka, nikaongoza baiskeli kwa kutembea. Nilipofika daraja la chini hapakuwa na mtu.

Nikafikiri amesogea mbele kutafuta kivuli. Nikampigia simu. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Karibu na daraja, chini ya turubai la bluu, palikuwa na mizinga ya nyuki imepangwa mistari, na mwanamke aliyevaa kofia ya wavu alikuwa anauza asali kwenye chupa. Nikamwendea, ingawa nyuki walikuwa wanazunguka kila mahali. Kwa Kichina changu cha sokoni nikamuuliza: rafiki yangu, Mwafrika, baiskeli, nguo ya manjano, amepita?

Akanitazama, akatazama barabara, akatikisa mkono.

"Meiyou," akasema. Hakuna aliyepita.

Neno nililolisikia mara elfu kwenye maduka ya vitambaa. Mwanamke yule alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, na barabara ilikuwa moja tu.

Niliiacha baiskeli chini nikaanza kupanda kwa miguu, mbio, kisha kutembea, kisha mbio. Kila kona nilichungulia ukingoni. Niliita "Yaya!" na mlima ukanirudishia. Wingu lilikuwa limeshafika juu yangu. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayakuwa na mpangilio, nikimwahidi mambo, nikikosea, nikianza upya. Kwenye kona ya saba, chini ya ile niliyokutana na lori, niliona chupa yake ya maji imelala katikati ya lami. Nilikuwa nimepita hapo dakika ishirini kabla, nimefumba macho nusu kwa hofu, na sikuiona. Hilo bado linanisumbua kuliko mengine yote.

Pale kingo za chuma zilikuwa zimekatika. Chini yake palikuwa na mianzi, na kwenye mianzi, kama mita nane chini, nikaona kiatu cheupe. Mguu ulikuwa ndani ya kiatu.

"Yaya!"

Mguu ukasogea. Nikasikia akikohoa.

Sijui nilipiga kelele za namna gani, lakini mwanamke wa nyuki alizisikia, maana baada ya muda alikuja na mumewe kwenye guta la injini la kubebea mizinga. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya vuguvugu. Mume hakuuliza kitu. Alifunga kamba kwenye nguzo ya chuma iliyobaki, akashuka nayo, akamfunga yaya kifuani chini ya makwapa, na sisi wanawake wawili tukavuta kutoka juu huku yeye akimsukuma kutoka chini. Alipotokea ukingoni nililia kwa sauti. Uso ulikuwa na damu ya michubuko. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, na mfupa wa mtulinga ulisukuma ngozi kwa ndani. Kofia yake ngumu ilikuwa na ufa kutoka mbele hadi nyuma.

Walimlaza yaya nyuma ya guta, mimi nimemshika, wakatupeleka chini ya turubai. Mwanamke akatoa simu. Nilielewa neno moja alilolisema: gari la wagonjwa. Yaya naye alilielewa. Akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima, akamsihi kwa Kichina, haraka haraka, na mwanamke akabaki na simu hewani, ananitazama mimi.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza yaya.

"Asiite mtu. Mwite dereva wa kigari, nipeleke nyumbani. Nitapona."

"Mfupa umevunjika, yaya. Unahitaji hospitali."

"Hapana ku hospitali!" Akafumba macho. Mvua ilikuwa inapiga turubai kiasi kwamba ilibidi nimwinamie. "Dada. Miye sina viza. Iliisha miaka mitatu. Hospitali wataomba pasipoti, wataita polisi."

Nikamwomba mwanamke wa nyuki ashushe simu.

"Zile nukta," akasema. "Hazikuwa mbwa. Ni vituo vya polisi. Ni pale wanaposimamisha watu."

Mambo yote yaliyokuwa yamekaa kila moja peke yake yakajipanga: mikahawa, treni, mkono uliotetemeka kwenye taa. Kilometa zote zile za kuzunguka mabwawa hazikuwa kwa ajili ya woga wangu, zilikuwa kwa ajili ya woga wake, na woga wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu na alikuwa ameubeba akicheka. Huku milimani hakuna aliyemwomba karatasi. Ndiyo maana alifumba macho kwenye kizingiti kile.

Nitasema ukweli wa kilichofuata, ingawa sijamwambia mtu. Kabla ya kumwonea huruma, nilijihurumia mimi. Mkono wangu ulikwenda kwenye mkoba, kwenye mfuko wa ndani. Nikawaza: nimekuwa nikizunguka na mtu asiye na karatasi zaidi ya mwaka, watasema nilijua, watanifutia viza, mwanangu wa kwanza yuko chuo mwaka wa pili, mzigo wangu uko bandarini. Nikawaza kwamba hawa watu wa nyuki ni wema. Naweza kuwaachia. Naweza kupanda baiskeli na kuondoka, na hakuna anayejua jina langu. Nilisimama pale na mawazo hayo kwa muda ambao haukuwa mfupi.

Yaya akafungua macho. "Dada, tumefika ku daraja?"

"Tumefika."

"Lori ilikuwa kubwa."

"Nililiona. Pumzika."

Akatapika pembeni. Kisha akauliza tena, kwa sauti ileile, kama hajauliza: "Dada, tumefika ku daraja?"

Hapo nikaogopa kwa namna nyingine. Mjomba wangu aliwahi kuanguka darini akaamka, akaomba chai, akauliza mara tatu leo ni siku gani, na jioni hakuwepo. Nikautazama ufa kwenye kofia. Nikamgeukia mwanamke wa nyuki nikamwambia apige simu.

Yaya alielewa. Aliniita majina kwa Kifaransa ambayo nashukuru siyajui. Alijaribu kunyanyuka, akashindwa, akalia kama mtoto, akisema nimemuuza. Nilimlaza kichwa mapajani.

"Nichukie," nikamwambia. "Nichukie, yaya, lakini uwe hai."

Hospitali ya mji ule mdogo ilikuwa safi na karibu tupu. Walimwingiza ndani moja kwa moja, hawakusubiri karatasi. Hilo lilinishangaza, kwa sababu njia nzima nilikuwa nimejiandaa kugombana mlangoni. Karatasi walizitaka baadaye, dirishani, kwa upole. Nikasema pasipoti ya yaya iko nyumbani. Mama wa dirishani akaandika, akanyanyua simu, akazungumza kidogo, akanionyesha benchi.

Nilikaa kwenye benchi lile nikiwa na tope hadi magotini. Nilisali adhuhuri na alasiri palepale. Daktari alitoka akanieleza kwa kutumia tafsiri ya simu: kulikuwa na damu kidogo kichwani, ndogo, wanaiangalia, mfupa watauunga kesho, mngemleta kesho, maongezi yangekuwa tofauti. Niliisoma sentensi ile ya mwisho kwenye kioo cha simu mara nyingi.

Jua lilikuwa limerudi na linaelekea kuzama polisi walipofika, mwanaume mmoja na dada mmoja mwenye nywele fupi. Huyu dada ndiye alikaa nami. Aliomba pasipoti yangu. Vidole vyangu vilishindwa kufungua zipu, akasubiri. Akaipekua ukurasa kwa ukurasa, akaipiga picha, akanirudishia. Kisha akaomba kuona mfuko wa yaya, ule mdogo wa kiunoni, nao ulikuwa juu ya magoti yangu. Akatoa tochi, pampu ndogo, pipi za tangawizi, na daftari.

Akalifungua. Alikuwa na kidole chembamba, na kilitembea juu ya njia zetu, mto kwa mto, kijiji kwa kijiji. Nadhani alizipenda zile ramani. Alimwita mwenzake akamwonyesha jumba moja la ukoo, wakaongea kwa furaha kidogo, kama watu walioona kwao. Kisha kidole kikasimama juu ya nukta nyekundu. Kikasogea kwenye nyingine. Akanigeuzia daftari.

"Hizi ni nini?"

Nilijua kwamba akitazama vizuri zaidi, mtu wa kazi yake ataelewa. Na mimi ni mtu ambaye hata forodhani hudanganya vibaya, sauti hunitoka juu.

"Gou," nikasema. Mbwa.

Akanikazia macho, kisha akacheka, akafunga daftari. Akaandika kwenye simu yake akanionyesha tafsiri: na yeye anaogopa mbwa tangu utotoni, aliumwa mguuni.

Hawakunishika. Niliandika maelezo, nikatia sahihi, nikaambiwa nirudi mjini. Yaya alibaki pale siku tisa na mlinzi mlangoni. Nilikwenda mara mbili; mara zote mbili aligeuza uso ukutani. Alipopona kiasi cha kusafiri akapelekwa kwenye ofisi ya wageni, akazuiwa siku kadhaa, akatozwa faini, na kupangiwa ndege ya kwenda kwao kupitia Addis Ababa. Waliniruhusu kumpelekea nguo. Nilipanda zile ngazi za Kangle, juu ya mashine zinazonguruma, nikakunja magauni yake saba na kanga moja, nikaichukua picha ya Bikira Maria, na ramani za ukutani nikazibandua moja moja kwa kucha zisichanike. Chini ya kitanda nilikuta kopo lenye tiketi ya ndege ya kurudi Lubumbashi, ya tarehe iliyopita miaka mitatu nyuma, haikutumika. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Labda ni mzigo uliokwama, labda ni mtu, labda alishikwa na woga siku ile ile ya kuondoka. Begi nilimkabidhi ofisa dirishani. Yaya sikuonyeshwa.

Miezi minne alinyamaza. Nilimtumia ujumbe kila Ijumaa baada ya swala, maneno machache tu, yakawa yanasomwa na hayajibiwi. Nililala vibaya. Baiskeli yangu, ambayo watu wa nyuki walinitunzia, niliifuata mwezi wa nane na kigari cha mizigo, nikashinda nao nusu siku nikila asali na mantou, mikate yao ya mvuke, na sikuthubutu kutazama juu mlimani. Kupanda naipanda, lakini si huko. Napita kando ya mto, penye watu, na lori likiunguruma nyuma yangu nashuka na kusimama hadi lipite, hata kama wenye haraka wananipigia kengele.

Kisha asubuhi moja nikiwa Zhongda, mikono imejaa sampuli, simu ikaita kwa namba ya Congo. Nilikaa juu ya jora la kitambaa kabla ya kupokea.

"Dada," akasema. Nyuma yake kulikuwa na kuku na redio. "Mfupa umeunga vibaya. Sinyanyui mkono zaidi ya hapa." Alisema kana kwamba naweza kuona anakoonyesha. "Daktari wa huku ameangalia picha ya kichwa. Anasema ulifanya haraka."

Nikaziweka sampuli zote chini.

"Mi nilikuchukia sana, nakuambia kweli. Sasa nimechoka. Unanisikia?"

"Nakusikia, yaya."

"Haya. Nataka vitambaa vya viti, rangi ya kahawia, kizito. Nimefungua duka kidogo ku nyumba. Weye utanichagulia, weye una macho."

Nikamuuliza upana, nikamuuliza mita ngapi. Aliniambia, nikaandika kwenye kiganja kwa sababu daftari lilikuwa mbali. Tukaongea habari ya kahawia iliyoiva na kahawia iliyopauka, habari ya nyuzi zinazochanika, hadi muuzaji wa dukani akaja kunitazama kama nimepatwa na jambo. Nikamwashiria asubiri.